Batoto baliniita mwizi wa hadisi yangu

Leo mu classe moja ya Ruashi, batoto baliniita mwizi.

Directeur alinialika nibasomee hadisi ya mupya, ya samaki mwenye kuogopa mayi. Ule samaki anaitwa Kabibi, jina ya marehemu mama yangu.

Kitabu haiyatoka. Ni Béa peke, rafiki yangu, njo alisomaka manuscrit, ku meza yangu.

Na Béa njo mwalimu wa ile classe! Aliponiona ku mulango, akasahau ata kunisalimia.

Nasoma phrase mbili. Classe muzima inamalizia ya tatu, mot à mot, neno kwa neno.

Mutoto moja wa mbele ananyoosha mukono:
— Tantine, uliiba hadisi ya Madame.

Nikangoya Béa aseme kitu. Alikuwa anapangusa tableau.
Tableau ilikuwa safi.

Nikauliza mutoto:
— Na Kabibi ni nani?
— Ni mama ya Madame. Alikufa.

Bantu bangu! Mama ya Béa iko muzima ku Pweto. Samaki ya kukauka nilikula jana, njo yeye aliituma.

Mungefanya nini, banduku?

Miye nilisoma mpaka mwisho.
Batoto bakapiga makofi, banaangalia Béa.