Maili Zangu na Kiti cha Katikati

Kila nilipopanda ndege Songwe kwenda Dar es Salaam kutazamwa macho, kampuni ya ndege iliniongezea maili kwenye kadi. Zikitosha, unapewa tiketi ya bure. Nauli alilipa mwanangu anayefanya kazi huko, nami, badala ya kumhurumia, nilizipenda maili kuliko macho yenyewe. Daktari akisema nirudi baada ya miezi sita, mimi kwenye mwezi wa tatu nilishaanza kuona ukungu. Huku kwetu Tukuyu ukungu haukosekani, kwa hiyo sikujiona mwongo sana.

Zilipotosha tiketi mbili, roho ilinisuta. Lile lilikuwa jasho la mwanangu, na mkewe alikuwa bado kijijini kwetu Kisondela, mwaka mzima hawajaonana, kwa sababu basi humtapisha njia nzima. Nikasema nitampeleka kwa ndege.

Binti wa wakala wa tiketi pale Ibighi aliuliza, "Baba, niwaweke pamoja?"

"Weka, mwanangu. Ni familia moja."

Kichwani nilikuwa nafikiria maili zitakazobaki. Nilisahau kwamba kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, wala haketi naye. Wengi wameacha. Huyu hajaacha, na mimi ndiye nilikuwa nikimsifu kwa hilo mbele za watu.

Ndani ya ndege akaona viti vyetu vinagusana. Akajifunika kitenge, akasimama njiani, hasogei. Foleni ikajaa nyuma yake.

"Dada, kaa au ushuke," mhudumu akasema.

Akishuka, tiketi ya maili imekufa, na mume anamsubiri. Kwenye kiti cha tatu, upande wa njia, alikaa mfanyabiashara wa vitambaa wa Makandana, mtu wa tumbo. Nikamweleza haraka, nikamwomba ahamie katikati.

"Yaani mzee, mimi ndiye niwe ukuta?"

"Wewe ndiye, ndugu yangu. Mwili unao."

Alicheka, akajibana katikati. Mkwe akakaa dirishani, mimi njiani.

Tulipopaa, yule bwana akanigeukia. "Anasema asante, baba."

"Mwambie asijali."

"Anauliza, kutoka hapo ulipo unauona Mlima Rungwe?"

"Nauona mpaka miti yake!"

Wakanong'ona. Bwana akakohoa. "Anasema ndivyo alivyodhani siku zote."

Nikaanza kufikicha macho, nikayafikicha hadi Dar es Salaam.

Tulipotua nilitoka wa kwanza, mbio, ili mkwe apate njia. Mwanangu aliponiona peke yangu, uso ukamshuka.

"Baba, yuko wapi?"

"Anakuja nyuma ya lile tumbo."

Mfanyabiashara akatokea, akapisha, na kitenge kikashuka usoni kwa mkwe wangu. Nikageukia bango la sabuni ukutani. Nililisoma mpaka maandishi madogo ya chini, nikaanza upya, na wao walikuwa bado hawajamaliza kusalimiana.