Mkate Mgumu wa Pasaka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni, na sidhani kama itanitoka. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, hapa Fort Worth, mwaka mmoja kabla ya ule ugonjwa uliofunga milango ya dunia nzima. Sikuwa kijana. Nilikuwa na wajukuu wawili, na magoti yalishaanza kulalamika kila nikipanda ngazi. Lakini kosa nililofanya siku ile lilikuwa la kitoto kabisa, ndiyo maana nakusimulia wewe uliye kijana. Usidhani ujinga wa ujana huondoka wenyewe mvi zinapokuja. Kuna unaobaki umejificha, unangoja siku ambayo umechoka.

Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini. Wiki Takatifu, ambayo kwa wengine ni ya kusali, kwetu ilikuwa ya shuka, maana wageni walijaa na kila chumba kilitoa mzigo wake. Nilikunja shuka mpaka viganja vikawa kama si vyangu. Jioni nilisali rozari nimekaa, na mara nyingi usingizi ulinikuta kwenye fungu la tatu. Ninamshukuru Mungu kwa kazi ile, ilitulisha miaka mingi. Lakini mtu anaweza kushukuru na mgongo bado ukauma.

Sasa nikutajie Bibi Margareti. Alikuwa Mmarekani wa parokia yetu, mjane, wazazi wake walitoka Ireland. Tulipoletwa hapa kutoka makazi ya wakimbizi kule Tanzania, sisi Warundi ambao hata jiko la umeme tuliliogopa, yeye ndiye aliyetupeleka hospitali, shuleni na kwenye ofisi za makaratasi. Gari lake lilikuwa kuukuu, linanuka mbwa. Binti yangu Devota alikuwa na miaka saba tu. Alikulia kwenye kiti cha nyuma cha gari lile. Miaka ikapita, Bibi Margareti akazeeka, mikono ikaanza kutetemeka, akahamia nyumba ya wazee. Mwanawe wa pekee aliishi jimbo la mbali.

Jumapili ya Matawi tulimpelekea tawi. Akatuambia kwamba kila Pasaka mama yake alioka mkate wa kwao, mkate usiotiwa hamira, unaoumuliwa kwa soda ya kuokea na maziwa ya mtindi, na juu yake hukatwa msalaba kwa kisu. Yeye naye aliuoka kila Pasaka ya maisha yake. Sasa hawezi tena. Akanishika mkono. "Konsolata," akasema, "mwaka huu uoke wewe. Njoo na Devota, tule chakula cha mchana watatu. Nitaomba watupe meza ya dirishani."

Nikamwahidi. Devota akaandika vipimo kwenye simu: unga, chumvi, soda, mtindi, zabibu kavu kidogo. Bibi akarudia mara mbili kwamba unga huo haukandwi. Unachanganywa upesi, unaviringwa, unaingia kwenye oveni papo hapo.

Mwanangu, nilisikia vizuri. Sikuamini tu. Tangu nikiwa msichana kule makazini nilijulikana kwa chapati. Wanawake walinituma kukanda unga wa harusi zao, na wenyewe walisema mikono ya Konsolata hailali. Nani aniambie mimi kwamba unga haukandwi? Nikajisemea kuwa mama wa watu ni mzee, amesahau.

Jumamosi Kuu nilitoka kazini saa nane mchana, miguu imevimba. Nikamwaga unga, nikatia mtindi, nikakanda. Nilikanda kama nina ugomvi nao. Devota alikuwa mezani na vitabu vyake, akainua kichwa.

"Mama, Bibi alisema usi-knead."

"Wewe umekanda unga lini?"

"Mimi nasema tu. Nimeandika hapa."

"Basi endelea kuandika."

Nikaukanda dakika ishirini, nikaufunika kitambaa, nikauacha upumzike saa nzima kama unga wa chapati. Nami nikapumzika. Kumbe ile soda hufanya kazi yake mara tu inapokutana na mtindi, haingoji mtu alale. Nilipouweka kwenye oveni ilikuwa imekwisha nguvu. Mkate ukatoka mfupi, mweusi pembeni, mzito. Ule msalaba wa juu ulikuwa kama mchubuko. Nikaugonga kwa kidole, ukalia kama mlango. Unga mwingine sikuwa nao, na nguvu za kuanza upya sikuwa nazo.

Asubuhi tulikwenda Misa. Niliimba, nilipokea Komunyo, nililia kidogo kwa furaha ya Ufufuko. Tuliporudi nyumbani nikautazama mkate ule kwenye kaunta, nikasikia aibu inanipanda mpaka masikioni. Mimi, Konsolata, niingie kwenye nyumba ya watu na tofali? Nikachukua simu, nikampigia Bibi Margareti, nikamwambia gari la Devota limekataa kuwaka.

Akasema ngoja amtafute mtu wa parokia aje kutuchukua. Mama wa watu, hawezi hata kufunga vifungo vya nguo yake, anatafuta namna ya kunisaidia mimi niliyemdanganya. Nikasema hapana, tusisumbue watu, na tena tumechoka sana, tutakuja wiki nyingine. Akasema sawa. Akanitakia Pasaka njema.

Devota alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Aliuweka juu ya meza, akaingia chumbani kwake. Heri angenijibu vibaya, ningepata wa kumgombeza.

Mchana ule akaja Mzee Gervasi, katekista wetu, kutoka Haltom City, mji wa jirani. Alikuwa na desturi ya kuzungukia nyumba za Warundi siku ya Pasaka kuwasalimu, akiendeshwa na mkwewe, ambaye ziara zile zilimchosha, akawa anabaki kwenye gari akisikiliza mpira. Mzee alinizidi miaka ishirini.

"Kristo kafufuka, Mama Devota."

"Kafufuka kweli, Mzee. Karibu."

Akaketi, akauona mkate. Akauliza hicho ni nini. Nilitaka kutania, lakini uchovu ulinimaliza hata utani. Nikamweleza yote, mpaka ule uongo wa gari. Nilitegemea anipe pole. Akaisimamisha fimbo yake katikati ya magoti.

"Mama Devota," akasema, "yule mama alikuomba mkate, au alikuomba sifa zako?"

Nikaanza kuufunika mkate kwa kitambaa.

"Wewe umemnyima mkate ili ubaki na sifa. Na sasa hivi amekaa peke yake na viti viwili vitupu. Komunyo uliyopokea asubuhi haijakauka mdomoni." Akajiinua taratibu. "Mimi sinywi chai hapa leo. Ukienda kwake, nitakuja kunywa kesho."

Akatoka. Mwanangu, nimefiwa, nimekimbia vita, nimelala kwenye mvua na mtoto mgongoni. Lakini kuona mzee yule anakataa chai yangu siku ya Pasaka kuliniuma mahali ambapo sikujua pana nyama. Nikaufunga mkate kwenye taulo. Nikamwita Devota. Alitoka amevaa viatu tayari.

Tulifika karibu saa kumi. Watu wengine walishakula na kuondoka, ukumbi unafagiliwa. Bibi Margareti alikuwa bado kwenye meza ya dirishani, amevaa blauzi yake ya kijani, sahani tatu mbele yake. Mhudumu alituambia alikula viazi viwili tu, akakataa sahani zetu ziondolewe.

Alikuwa ametuona dirishani tukishuka garini. Nilipomfikia akatazama nje kwenye maegesho, kisha akanitazama mimi.

"Gari limepona?"

"Gari halikuwa bovu, Bibi," nikasema. "Nilikudanganya. Mkate uliharibika, nikaona aibu." Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini maneno hayo niliyapata yote bila kumwomba Devota.

Hakusema amenisamehe, wala hakunifariji. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Nimekaa hapa tangu saa sita, Konsolata," basi. Akaniacha nibebe hilo kidogo. Kisha akanyoosha mkono apewe mkate.

Devota akaufungua. Bibi akaugeuza huku na huku, akaugonga chini, akausikiliza.

"Umeukanda," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Dakika ishirini," Devota akadakia. "Halafu aliulaza, Bibi. Aliufunika kabisa, kama mtoto."

Bibi Margareti alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mhudumu akaja kuangalia. Kisu kilishindwa, Devota aliumega kwa mikono na goti. Bibi akatumbukiza kipande chake kwenye chai ya maziwa, akangoja kilainike, akala. Akatumbukiza tena. Akatusimulia jinsi mama yake alivyompiga kofi la mkononi alipokuwa msichana kwa kosa hilohilo la kukanda. Tulikaa pale mpaka walipotuomba kwa adabu tuache meza iandaliwe kwa chakula cha jioni. Alikula vipande vitatu. Nilivihesabu.

Kiangazi kile alinifundisha upya, yeye kwenye kiti chake, mimi nikijaribu kuchanganya kwenye bakuli mapajani mwake, kisha nikienda nyumbani kuchanganya mwingine, kuuoka papo hapo na kumletea. Mikono yangu ilijifunza kuuacha unga. Ilichukua muda, na shuka za hoteli hazikunipunguzia chochote.

Pasaka iliyofuata ugonjwa ulikuwa umekuja na nyumba za wazee zilikuwa zimefungwa, kwa haki kabisa, kuwalinda. Nilioka mkate mzuri kuliko yote niliyowahi kuoka. Uliumuka, ukapasuka vizuri kwenye msalaba, ukanukia nyumba nzima. Tuliufikisha mpaka mlango wa nje, akaupokea mtu aliyevaa barakoa, tukarudi. Mwezi wa sita Mungu alimwita Bibi Margareti. Sijui kama ule mkate mzuri aliuonja. Ule mbaya najua aliula, maana nilikaa mbele yake nikamwona akiutafuna.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Ulichoahidi, kipeleke kikiwa kama kilivyo. Kikiwa kimeungua, kipeleke kimeungua, na useme mwenyewe kwamba kimeungua. Anayekungoja hahitaji ufundi wako, anataka kukuona ukiingia mlangoni. Na ukichoka, sema umechoka, ni neno la heshima. Usilifunike kwa uongo, kwa sababu uongo nao una kazi yake, utakuchosha mara ya pili. Kama umeshadanganya, basi vaa viatu urudi siku ileile. Usingoje upate kitu kizuri cha kurudi nacho. Mimi nilibakiwa na mwaka mmoja tu wa kurekebisha, na huo nilipewa kwa huruma. Wewe hujui umebakiwa na mingapi.

Mungu wa rehema akupe mikono inayojua lini kufanya kazi na lini kuacha. Akupe mzee wa kukukatalia chai unapostahili. Akuketishe mezani na watu wanaokutunzia sahani, na wewe akupe moyo wa kuwatunzia wengine. Amina.