Ubao Nilioupachika Katikati

Jamani, juzi nimejiaibisha mbele ya Wahindi wa Tabora.

Mimi ni seremala. Bwana Ramji, Mhindu mwenye duka la vitambaa, na jirani yake Mzee Raichand, ambaye ni Mjaini, wa dini nyingine ya Kihindi, waliniagiza kabati moja la mninga la kuwekea sanamu za dini zao mbili katika nyumba yao moja ya ibada. Nikajiuliza: dini mbili, kabati moja? Kwetu mimi ni Mmoraviani na mdogo wangu Petro ni Mkatoliki. Tunapiga randa benchi moja kila siku, lakini hata baba alipokufa tulimwombea kila mmoja kanisani kwake. Basi nikajifanya mjuzi. Bila kuulizwa, nikapigilia ubao mzito katikati, toka juu hadi chini, wasije wakagombana. Tena nikaunakishi maua!

Siku mimi na Petro tulipolipeleka, ukumbi wa ibada ulijaa. Nikafunua shuka kwa madaha, nikingoja sifa. Wazee wale wakatazamana.

"Fundi," Bwana Ramji akasema kwa upole, "mimi huanza kusali kwa sanamu za mwenzangu, yeye huanza kwa zangu. Sasa nani amekwambia tumegombana?"

Mzee Raichand akaushika ubao upande wake, Bwana Ramji upande wake, wakaanza kuutikisa ung'oke, huku wakicheka.

Nikageuka kumwomba Petro koleo ya kung'olea misumari. Alikuwa ameshaishika, akinitazama mimi, wala si kabati.