Baba amechagua laptopu kama anavyochagua maksai

Tumeuza maksai mmoja, na laptopu haiwaki.

Asubuhi mimi na baba tulikuwa Bariadi kutafuta laptopu ya mtumba ya kwenda nayo chuo. Muuzaji akatupangia zile zinazong'aa. Baba hakuzigusa. Alikuwa anaangalia moja chakavu pembeni, ambayo muuzaji mwenyewe alikuwa anapigia muziki.

"Tuuzie hiyo unayofanyia kazi," akasema.

Sikumpinga. Hata mnadani baba hamtaki ng'ombe anayesifiwa. Anamtaka yule aliyemwona shambani akivuta plau.

Na muda wote tuliokaa pale, muziki haukukatika.

Muuzaji akasitasita, halafu akachomoa waya, akatufungia.

Tumefika nyumbani Mwamapalala jioni, mama na majirani wamekaa wanasubiri.

Nabonyeza. Kimya.

Nikaipeleka kwenye duka la jirani, penye umeme. Nikachomeka, ikawaka. Nikachomoa, ikazima hapo hapo. Betri ilikufa zamani, ilikuwa inaishi kwa waya tu.

Sisi nyumbani hatuna umeme.

Msiniambie nikadai. Nimeshapiga simu, muuzaji anasema tuliing'ang'ania wenyewe. Hilo siwezi kulipinga. Ila mnaojua betri, semeni kama kuna namna.

Mvua zimeanza. Maksai aliyebaki hawezi kuvuta plau peke yake, na tangu jioni analia zizini anamwita mwenzake.

Baba ameigeuza laptopu mikononi, akanirudishia.

"Angekuwa ng'ombe," akasema, "leo angalau tungekula nyama."