Siku Mzee Hakorimana Alipokaa Mezani

Dancille alizaliwa Kirolirwe, kule Masisi, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Padri aliyembatiza alimtazama meno, akakisia 1931, ikawa hivyo. Baba yake alikuwa na shamba la maharage mlimani, ng'ombe wawili na maneno mengi. Binti hakuyarithi yale maneno. Masista walimfundisha kushona, kusoma Kifaransa polepole na kuogesha mtoto kwa sabuni, na katika hayo yote walisema ni msichana mzuri ila haongei.

Mwaka wa 1950 aliolewa na Théogène, mtoto wa mzee Hakorimana wa mlima wa pili. Théogène alikuwa amerudi kutoka Léopoldville na diplome ya usaidizi wa daktari, na viatu viwili vya ngozi alivyovivua kila alipokuta matope. Serikali ikamtuma kwenye dispansari moja ya Walikale, msituni. Dancille akafuata, na huko wakawazaa Evode na Léontine. Joto lilimtesa, mbu wakamtesa zaidi, na wake wa wawindaji wa huko walimcheka sana, huyu mwanamke wa milimani anayehema kama mbuzi wa sokoni. Walimcheka huku wakimletea ndizi na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwa hiyo hakuona sababu ya kununa.

Sasa habari ya bourse, yaani ufadhili wa masomo. Mwaka wa 1957 serikali ilitangaza nafasi moja, moja tu, kwa wasaidizi wote wa daktari wa sehemu ile: masomo ya juu Ubelgiji, kwa mtu ambaye tayari ana diplome na miaka ya kazi. Ndege, chumba, chakula, vitabu, hata koti la baridi, vyote juu ya serikali. Aliyepita miaka thelathini asijisumbue kuandika. Théogène alikuwa na thelathini kamili. Ingempita hiyo, basi tena.

Watu walidhani anataka kuona Ulaya. Dancille alijua anachotaka. Miaka mitatu nyuma aliletwa mwanamke ambaye mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Théogène alijua pa kukata na jinsi ya kukata, lakini ruhusa ya kushika kisu alikuwa nayo daktari peke yake, na daktari alikuwa safari ya siku mbili. Walimzika pamoja na mtoto wake. Tangu siku ile Théogène aliacha kuimba akinyoa ndevu, na Dancille aliukosa ule wimbo, ingawa ulikuwa wimbo mbaya.

Théogène aliandika, akafanyishwa mtihani, akashinda. Wa kwanza! Ikabaki kitu kimoja: ukaguzi wa nyumba. Barthélemy, karani wa dispansari aliyewahi kukaguliwa kwa ajili ya karata yake ya ustaarabu, ile kadi ya serikali ya mtu mweusi aliyekubaliwa kuwa anaishi kizungu, alikuja kuwafundisha yatakayotokea.

"Bataangalia kitanda, bataangalia choo," alisema, akihesabu kwa vidole. "Bataangalia kama batoto biko na viatu. Lakini kitu kikubwa, Mama Evode, njo weye. Bazungu banapenda kukuya saa ya kula. Bibi akiikala ku meza na bwana yake, anakula na kanya, iko muzuri. Akikimbilia jikoni, imeisha. Banafunga kitabu, banaenda."

Kanya ni uma. Dancille alikuwa nazo sita, zawadi ya harusi kutoka kwa masista, zimefungwa ndani ya kitambaa. Akazitoa. Kwa wiki tatu alikula mezani na mume wake kila saa sita mchana, yeye ambaye tangu aolewe alikula jikoni na watoto. Siku za kwanza alicheka mpaka wali ukamtoka puani. Théogène alikasirika, kisha naye akacheka. Baadaye wakazoea. Ukweli ni kwamba alianza kupenda: ndipo alipojua kwamba mume wake hutoa mafuta ya nyama na kuyaficha chini ya ndizi kama mtoto.

Ukaguzi ulitangazwa kuwa wiki ya pili ya Julai, siku haikutajwa. Jumanne ya wiki ile, kama saa nne, lori la viazi likasimama mbele ya dispansari, na mzee Hakorimana akashuka, koti begani, fimbo mkononi, chungu cha siagi kwapani. Alikuwa amesafiri siku tatu. Hakuna aliyemwita.

"Nimesikia banakuya kumuuliza mutoto wangu," alisema kabla hata ya kukaa. "Batu bakikuya kuuliza mutoto, bamukute na baba yake. Ama banione nimekufa?"

Hapo ndipo lilipo kosa, na ni kosa la heshima. Kwao, wageni wakija kuchumbia msichana, baba na wazee wa mlima hujazana uani, maana nyumba isiyo na wazee inaonekana haina mtu. Mzee alisikia kwamba wazungu watakuja kuitazama nyumba ya mwanawe kabla ya kumchukua kumpeleka mbali. Angefikiri nini kingine? Alivaa koti lake la ubatizo, akaja.

Dancille alipomwona akashuka moyo. Maana kwao hao hao, mke wa mtu hatafuni mbele ya baba mkwe. Hatamki jina lake, hapiti mbele yake akiwa wima, na kinywa chake akila, mzee hakioni. Si sheria iliyoandikwa mahali. Ni aibu, na aibu ina nguvu kuliko sheria. Mchana ule alipakua, akaweka sahani mbele ya wanaume wawili, akaenda jikoni bila hata kufikiri, miguu ilimpeleka yenyewe.

Théogène akamfuata.

"Mama Evode, na bazungu bakikuya kesho?"

"Kesho minaweza kufa. Lakini kula mbele ya papa, hapana."

"Iko kula tu! Kufungua mudomo na kufunga!"

"Basi umuambie papa aende kula inje."

Théogène akarudi mezani kwa baba yake. Kumtoa baba mezani, siku ya wageni, baada ya safari ya siku tatu? Hata huko Ulaya kwenyewe sijui kama wanafanya hivyo. Akashauriana na Barthélemy, na Barthélemy, mtu wa akili nyingi za karani, akapanga kwamba kila siku saa tano atamchukua mzee kwenda kumwonyesha daraja, amrudishe saa nane. Mpango ulikuwa mzuri sana. Wazungu wakaja Jumatano saa tano kasoro, mzee akiwa anatafuta fimbo yake.

Walikuwa wawili, bwana mmoja mrefu wa ofisi na mama mmoja mwenye daftari. Waliangalia kitanda. Waliangalia choo, yule mama akiandika. Walimwangalia Evode miguuni, naye akainua kiatu kimoja kuwaonyesha hata soli. Mzee Hakorimana aliwasalimu kwa mikono miwili, akawakaribisha mara tatu kwa Kinyarwanda na mara moja kwa Kiswahili. Kisha bwana akatazama saa yake na kusema kwa Kifaransa kwamba wasiwazuie watu kula, wao watakaa tu pembeni na kahawa.

Chakula kikaletwa: wali, kuku, sombe. Théogène akakaa. Evode na dada yake Léontine wakakaa. Mzee akakaa kwenye kichwa cha meza, maana ndipo anapokaa baba. Dancille akakaa. Hata kukaa tu kwenye meza ile kulimtoa jasho mgongoni.

Aliinua kanya. Ikafika kifuani, ikasimama. Alitaka, jamani, alitaka kwa moyo wote. Alimwona yule mwanamke waliyemzika. Aliona mume wake ana miaka thelathini, na mwakani thelathini na moja. Lakini mzee alikuwa pale pale. Akashusha kanya sahanini, ikalia ting, na yule mama mwenye daftari akainua macho.

"Bibi hana njaa?" aliuliza.

Théogène akamsogezea mke wake bakuli la sombe.

Mzee Hakorimana hakujua Kifaransa, wala hakuna aliyemweleza habari za wake na meza. Lakini alikuwa amelea watoto saba na kuuza ng'ombe kwa watu wajanja, macho alikuwa nayo. Aliitazama sahani ya mke wa mwanawe. Akamtazama mwanawe. Akaitazama kalamu ya yule mama, jinsi ilivyokaa tayari juu ya karatasi. Kisha akasimama, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakaa tena uso ukielekea ukutani palipotundikwa kalenda, mgongo kwa meza, mgongo kwa wageni, mgongo kwa wote.

"Kula, mutoto wangu," alisema. "Miye minasoma kalenda."

Hakujua kusoma hata herufi moja.

Dancille akala. Alikula wali, akala sombe, akala paja la kuku kwa kisu na kanya kama alivyofundishwa, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na hakujua ladha ya kitu chochote. Alimpenda yule mzee saa ile kuliko alivyowahi kumpenda baba yake mwenyewe. Mama mwenye daftari akaandika. Bwana mrefu akatazama ule mgongo wa koti, akamuuliza Théogène, kwa sauti ya chini, baba yake ana nini.

Angeweza kumwambia. Alikijua Kifaransa chote cha kumwambia: bwana, hii ni heshima, anampa mke wangu nafasi. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba mila bado imekaa ndani ya nyumba, na ndiyo waliyokuja kuitafuta. Théogène akajibu, "Ni mzee, bwana." Akaishia hapo.

Mzee alibaki wiki nne, akila mezani peke yake na mwanawe. Barua ikafika mwezi wa nane, karatasi mbili. Théogène alisoma ya kwanza kwa sauti, amesimama uani, na Dancille akapiga vigelegele, yeye asiyeongea! Majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Bourse nzima, mwaka mmoja na nusu. Karatasi ya pili Théogène aliisoma kimya.

"Na miye?" mzee aliuliza. "Banasema nini juu yangu?"

"Banasema," alijibu Théogène, akikunja karatasi, "baba ya hii nyumba iko muntu wa heshima."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake. Wiki ile ile Théogène alimnunulia blanketi na kumtafutia lori, akamwambia viazi vyake shambani vinamngoja. Mzee akapanda na furaha yake yote.

Dancille aliiona karatasi ya pili siku ya kufunga sanduku la safari, ndani ya kitabu. Alisoma polepole, kwa kidole, kama masista walivyomfundisha. Mke amestaarabika, anakula mezani bila haya. Baba wa mhusika bado ni mshenzi. Aligeuzia wajumbe mgongo wakati wote wa chakula. Kwa ajili ya malezi ya watoto, haifai akae katika nyumba hii muda wote wa masomo. Mhusika atie sahihi kukubali. Na chini, sahihi ya mume wake, nzuri, yenye mkia.

"Ulisaini," alisema.

"Ungetaka nifanye nini? Nikatae? Baada ya yote?"

"Yule muzee njo alikupatia bourse. Weye ukamufungia mulango."

"Minajua," alisema Théogène. Aliketi juu ya sanduku, akafunika uso. "Minajua, Mama Evode. Usiniambie tena."

Hakumwambia tena. Alimpigia pasi mashati, akamsindikiza mpaka kwenye lori la Bukavu lililopitia Hombo, akalia kama wake wengine wanavyolia. Kisha akarudi, akafunga madirisha, akampa Barthélemy ufunguo, akawashika watoto mkono. Karatasi ilikataza mzee kukaa kwa mwana. Juu ya mke kwenda kukaa kwa mzee haikusema kitu.

Kirolirwe, nyumbani kwa mzee, walimpokea kwa maziwa. Alilima na wengine, alikula jikoni na wengine, na jioni alisikiliza. Maana mzee Hakorimana sasa alikuwa na hadithi moja tu. Akija mtu kuazima jembe, ataisikia. Akija mtu kuleta habari ya msiba, ataisikia pia, baada ya pole. Bazungu wenyewe bameniandika! Mu karatasi ya serikali!

Michel, katekista wa pale, alikuwa mtu wa kupenda kuhakikisha mambo. Jumapili moja baada ya misa, mbele ya watu wote waliokaa uani wakinywa, alisema, "Papa, na hiyo karatasi, nani aliisoma?"

"Muulize mukazana wangu," alisema mzee. "Iko anajua Kifaransa. Aliisoma."

Watu wakamgeukia mke wa mwanawe. Dancille alikuwa amepiga magoti akimimina maziwa. Hakuwa amemwambia mzee kwamba aliisoma. Mzee aliamini tu, kwamba karatasi nzuri namna ile lazima kila mtu nyumbani ameisoma.

"Bameandika nini, mama?" Michel akauliza.

"Bameandika baba ya ile nyumba iko muntu wa heshima," alisema Dancille, kwa sauti iliyofika mpaka zizini. "Bameandika habajaona mwingine kama yeye."

Jumamosi iliyofuata alitembea saa mbili kwenda kuungama uongo ule. Padri akampa Salamu Maria kumi. Alizisali zote kumi akiwa njiani kurudi, na kesho yake wageni walipouliza tena, akawajibu vilevile.