Wifi Yangu na Jabali la Meru

Wifi yangu Theodora ni Mgogo wa Bahi, na kabla kaka yangu Masanja hajamleta hapa Usoke kumfungia kwenye banda la tumbaku, alikuwa anaongoza watu milimani. Ndiyo, nimesema kumfungia. Wenzangu wanasema kaolewa, na mimi harusini nilicheza mpaka viatu vikakatika, lakini ninachokiona nakiona.

Alianza kwa kuwapikia wapanda mlima kule Arusha, akapanda cheo mpaka akawa kiongozi wa wanaopanda mara ya kwanza. Sifa yake ilikuwa kuchagua njia, hasa miezi ya baridi, mawe yanapovaa barafu na mtu inabidi apande kwa miguu na mikono. Tukiwa bandani tunapanga majani kwa madaraja, ananisimulia mpaka naacha kazi. "Wifi, wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, ila hawakusema anashukaje. Mgeni humchagulii njia ya kupandia. Unamchagulia ya kushukia."

Mwaka huu, mwezi wa sita, kampuni yake ya zamani ikampigia simu. Wana kundi la watu wapya kabisa, wanamtaka aliongoze mwezi wa saba. Loh, siku ile alifagia uwanja huku anaimba! Kaka akanuna. Mama yetu akasema mwanamke aliyeolewa hachezi juu ya majabali kama pimbi. Mwishowe kaka akasema, "Nipeleke kwanza nikaone. Nikirudi nitasema kama unakwenda au huendi."

Nilimwambia Theodora, hapo umetegwa. Akasema, "Wacha aone. Mtu akishakiona kitu hakiogopi tena." Alikosea, maskini. Mama naye akaniamuru niende nao nikamwangalie kaka. Mimi! Mtu wa tambarare, hata kichuguu sijawahi kukipanda.

Kuchagua mlima kulimkosesha Theodora raha. Mawenzi aliitupa mara moja, mawe yake yanamong'onyoka, si pa mgeni. Kibo akaikataa pia: "Kule ni kutembea na kuumwa kichwa. Atasema kazi yangu ni matembezi." Angeweza kutupeleka kile kilele kidogo cha Meru chenye njia laini, kaka akapiga picha zake, akarudi na sifa, na leo wifi angekuwa kazini. Nilimwambia hivyo. Akanijia juu. "Nimdanganye mume wangu?" Akachagua ukingo wa Meru wenyewe, kipande kifupi cha jabali, mahali ambapo mtu akishindwa popote anaweza kurudi.

Viongozi wengine huondoka kambini usiku. Yeye alikataa, akasubiri jua liguse jiwe kwanza, askari wa hifadhi aliyetusindikiza akalalamika mpaka akachoka. Baridi ile, jamani, acheni! Barafu nyembamba ilikuwa imelala juu ya mawe kama samli iliyoganda kwenye sufuria. Askari mbele, Theodora akifuata, kaka katikati, mimi nyuma nikisali. Tulikwenda vizuri mpaka pale jabali linapoinamia shimo la mlima. Kaka akatazama chini. Mguu ukateleza kidogo tu, akalikumbatia jiwe kwa mikono miwili, akaganda. Hapandi, hashuki. Mimi siwezi hata kugeuka. Nililia, sisemi uongo.

Theodora akarudi mpaka alipo. Hakumbembeleza. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu wapagazi walipokuwa wakipita Ugogo na misafara kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi hata msibani. Basi wifi akamfungulia mdomo.

"We Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe makalio yako tu yamekushinda?"

Kaka, meno yakigongana, akajibu, "Mgogo wewe, mpaka huku umekuja kuomba?"

"Naomba, ndiyo. Naomba mkono wa kushoto. Achia."

"Nitakufa."

"Kufa basi, sisi watani tuje tule ng'ombe wako. Achia!"

Kaka akacheka, kicheko cha mtu anayelia, na vidole vikalegea. Theodora akaushika ule mkono, akauweka pengine. "Mguu wa kulia chini. Chini zaidi. Hapo." Hivyohivyo akatushusha wote wawili, kwa ile njia aliyoichagua. Kilele hatukukiona, na wala sikukitamani.

Tuliporudi Usoke majirani walijaa uani. Kaka alisimulia mwenyewe, hakuficha hata chozi. Alimsifu mkewe mpaka mama akapiga vigelegele na kumkumbatia mkwewe. Nikamkonyeza wifi, umeshinda. Kisha kaka akafuta uso.

"Nimeona kwa macho yangu," akasema. "Mwanamke kama huyu simwachi arudi mahali pa kufia. Haendi."

Mama akasema amina. Haki ya Mungu, alisema amina!

Theodora alimtazama mumewe. "Masanja, kule juu nilikuambia achia, ukaachia, ukapona. Leo nakuambia tena."

"Kule lilikuwa jiwe," kaka akajibu, machozi yakimlengalenga. "Wewe ni mke wangu."

Nilitamani kumzaba kofi, na ninampenda kaka yangu. Angekuwa mume wa ngumi, wifi angefunga virago akapanda treni, na mimi ningembebea mzigo mpaka stesheni. Huyu anampikia uji akiumwa. Utamshtaki kwa nani?

Kesho yake Arusha wakapiga simu tukiwa bandani. Theodora akawaelekeza njia ya kuwapitisha wale wageni wao, wapi wasubiri jua, wapi wasikanyage, wapi wageuke mawingu yakishuka. Alieleza polepole, amefumba macho, na mkono wa pili ukipapasa hewani. Nikasikia sauti ya upande wa pili ikimuuliza kwa nini haji mwenyewe. Akafumbua macho.

"Mume wangu ananipenda mno," akasema, akakata simu, akavuta fungu jingine la majani.