Jaa Chini ya Kawa

Watu wa siku hizi wakiona taka mlangoni hungoja serikali. Sisi wa Chumbageni, miaka ile ya Mwingereza, tulingoja vilevile, mpaka siku Bwana Afya alipokuja na kofia yake akasimama mbele ya jiko langu.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Jiko lile la vitumbua, pale barazani, ndilo lililokuwa langu peke yangu; mengine yote nyumbani yalikuwa ya mume na mama yake. Na kando yake palikuwa na jaa la uchochoro mzima. Nzi walitoka jaani wakaja kwenye vitumbua, kisha wakarudi, kama mume mwenye nyumba mbili.

"Ramadhani nitapita tena," akasema Bwana Afya. "Nikilikuta jaa hili, hapa hupiki."

Nikamwendea jirani, mke wa fundi cherehani, maana vile vipande vya khaki juu ya jaa havikutoka kwa mvuvi.

"Shoga, taka zenu zitanifungia jiko."

"Zetu?" Akacheka. "Jaa halina mwenyewe, mwaya. Kamuulize paka."

Nikarudi kwenye vitumbua vyangu. Watu wakiniona nimenyamaza hudhani nimesamehe.

Mwezi ukaandama. Kwetu Ramadhani, magharibi ikikaribia, sahani za futari hutembea nyumba kwa nyumba, zimefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichochongoka juu. Anayepokea hafunui mpaka adhana. Kufunua mapema ni ulafi. Adabu hiyo ndiyo niliyoitegemea. Nikachukua sahani yangu yenye ufa nikaenda jaani. Nikapakua khaki, machicha ya nazi na maganda ya papai, na juu nikapamba kwa vichwa vya vibua, samaki wa bei ya chini kabisa. Kawa nikaweka jipya.

Aliyenifungulia ni mama yake fundi, bibi wa Pangani aliyekuja kufunga na mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejisumbua!"

"Sikujisumbua, mama. Ni vitu vyenu wenyewe."

Akadhani ni unyenyekevu. Akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina.

Ukuta baina yetu ulikuwa wa fito na udongo. Siri haikulala humo. Nikaketi karibu nao, tende yangu mkononi. Adhana ikalia. Nikasikia kawa likiwekwa chini.

"Astaghfirullah!"

Nikangoja kutukanwa mimi. Nilichokisikia ni hiki:

"Hivi ndivyo vitu vyetu wenyewe? Vibua? Mwanangu unamlisha vibua?"

"Mama, ngoja..."

"Nikija mimi wanunua samaki changu, nikiondoka fundi mzima anakula vibua! Ndiyo maana kakonda, shingo kama ya kuku!"

"Wallahi si vyetu, mama! Sisi tumetupa zile khaki na maganda tu!"

Tende nusura inikwame. Paka hakuhitaji kuulizwa tena.

Baada ya sala yule bibi akaja kwangu na sahani, imesuguliwa, ina tambi. Sahani ya jirani hairudi tupu, hata ikiwa ilikuja na jaa. Hakutabasamu.

"Wewe binti huna haya."

"Ndiyo, mama."

"Kesho alasiri twende wote huko jaani. Mwenye vibua nimjue."

Tukaenda, kila mmoja na fimbo yake, tukalichambua jaa kama mchele. Mimi nilitaka jiko langu. Yeye alitaka kujua nani kamtia mwanawe aibu. Na lile jaa lisilo na mwenyewe likawa na wenyewe wengi kweli! Manyoya haya ya muuza kuku. Maganda haya ya mihogo ya yule anayechoma pale njia panda. Kila rundo likipata jina, bibi anapaza sauti uchochoro mzima usikie:

"Mwenyewe aje achukue, ama nimpelekee kwa sahani!"

Hakuna aliyetaka sahani. Milango ikafunguka, watu wakatoka na mapakacha, wakazoa huku wakitazama chini. Mke wa fundi alizoa wa kwanza, na hakusema nami mpaka Idi.

Tangu siku hiyo mambo yakawa hivi. Gari la taka la mji lilipita barabara kubwa tu, halikuingia kwetu, basi kila nyumba ikapeleka pakacha lake huko kabla halijapita. Machicha wakapewa kuku, na majivu yakaenda migombani, nilikokuwa nikiyapeleka yangu siku zote. Asiyepeleka aliniona alasiri nimeketi mlangoni nafuta kawa kwa kitambaa.

Wa vibua tu ndiye hakujitokeza. Bibi alirudi Pangani bado anamkazia macho mkwewe.

Bwana Afya alikuja mwezi haujaisha. Akazunguka, akapiga ardhi kwa kiatu.

"Jaa liko wapi?"

"Limerudi kwa wenyewe."

Nikampakulia vitumbua akafuturie kwake, nikafunika kawa, nikampa kwa mikono miwili. Akashukuru. Kufika kona ya nyumba ya fundi akasimama, akainua ukingo wa kawa kwa kidole kimoja, akanusa.

"Bwana!" nikamwita. "Umefunga. Ngoja adhana."